Filamu Tatu za Palestina: Ipi Tuitazame na Watoto?

Wazazi wengi huipima filamu kwa swali moja tu: je, ina picha za aibu? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Ipo filamu isiyo na doa lolote la utupu ambayo moyo wa mtoto hauwezi kuibeba. Na ipo yenye huzuni nzito ambayo kijana akiikosa atakuwa amepungukiwa na elimu. Kwa mizani hiyo tumezitazama filamu tatu za miaka ya karibuni kuhusu Palestina.

Ya kwanza ni Farha (2021), iliyoongozwa na Darin Sallam wa Jordan. Mwaka ni 1948. Binti wa miaka 14, mwenye hamu ya kwenda kusoma mjini, anafungiwa na baba yake ndani ya ghala ya chakula ili asalimike wakati kijiji kinashambuliwa. Tangu hapo nasi tumefungiwa pamoja naye. Twaona yale tu yanayopita kwenye ufa. Msiba wa Nakba hausimuliwi kwa ramani wala hotuba, bali kwa kiu, giza na kumngoja mzazi asiyerudi. Hata hivyo, tungependa kukaa zaidi na wanakijiji kabla ya balaa, tukawajua kwa majina.

Ya pili, No Other Land (2024), ni filamu ya hali halisi iliyotengenezwa na Wapalestina wawili na Waisraeli wawili, nayo ilipata tuzo ya Oscar mwezi Machi 2025. Tupo Masafer Yatta, kusini mwa Ukingo wa Magharibi, katika vijiji ambavyo ardhi yake jeshi limeitangaza kuwa uwanja wa mazoezi. Tingatinga linabomoa nyumba na shule, kisima kinamiminiwa zege, na usiku wenyeji wanajenga upya. Kilichotugusa zaidi ni urafiki wa Basel Adra na Yuval Abraham: jioni mmoja huwasha gari na kurudi kwao, na mwenziwe hana ruhusa ya kwenda huko. Dhuluma imeelezwa yote katika safari hiyo moja.

Ya tatu ni The Voice of Hind Rajab (2025), ya Kaouther Ben Hania wa Tunisia. Januari 29, 2024, binti mdogo alinaswa garini mjini Gaza pamoja na maiti za jamaa zake, akawaomba kwa simu wahudumu wa Hilali Nyekundu wamfuate. Wahudumu hao wameigizwa. Sauti ya mtoto ni yake mwenyewe. Gari la wagonjwa lilikuwa umbali wa dakika 8, likangoja kibali kwa saa kadhaa. Wahudumu wawili waliotumwa nao waliuawa.

Tulijiuliza: je, inafaa sauti ya marehemu kuchezwa ukumbini? Mama yake aliridhia, na shambulio lenyewe halioneshwi. Twaona nyuso za wanaosikiliza tu. Kwa hayo tumekubali. Lakini huko Venice watazamaji walipiga makofi kwa zaidi ya dakika 20. Sisi twaona kimya kingefaa zaidi.

Basi ushauri wetu ni huu. No Other Land itazameni pamoja na vijana wa miaka 12 na zaidi, mkiisimamisha kila wanapouliza. Farha ngojeni wafike umri wa binti huyo, kwani mna mauaji ya familia nzima. Ya Hind ni ya wazazi peke yao, watoto wakiwa wamelala. Mtoto wa umri wake hatasikia habari za Gaza. Atasikia mtoto mwenziwe akiita watu wazima, na watu wazima wasifike.