Kukonda Bila Sababu Inayoonekana
Mtu mzima anapopoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6 hadi 12 bila kujinyima chakula, yaani kilo 3 na nusu kwa mwenye kilo 70, hali hiyo ni dalili inayostahili kuchunguzwa, hata kama majirani wamekwisha kumhukumu kuwa ana UKIMWI au mawazo mengi.

Anayekula vizuri na bado akakonda huenda ana kisukari, ambapo sukari hupotea kwenye mkojo kwa upungufu wa insulini, homoni inayoiingiza sukari katika seli. Au tezi ya thairoidi iliyoko shingoni inazalisha homoni kupita kiasi, hata moyo ukaenda mbio na vidole vikatetemeka anaposhika kikombe. Kongosho lililoharibika, nalo, hushindwa kumeng'enya mafuta, na choo huwa cha kung'aa, chenye harufu kali, kisichoondoka upesi kwa maji.

Ugonjwa unaosahaulika kwa urahisi, na usiostahili kusahaulika Afrika Mashariki, ni ule ulioelezwa na daktari Thomas Addison wa London mwaka 1855, ambapo tezi zilizo juu ya figo huharibika, mara nyingine kwa kifua kikuu, zikashindwa kutoa kotisoli, homoni inayoupa mwili nguvu ya kuhimili maradhi. Mgonjwa hukosa hamu ya kula, hutamani chumvi, huona kizunguzungu anaposimama, na weusi mpya huingia katika mikunjo ya viganja na kwenye ufizi, badiliko ambalo kwa mwenye ngozi nyeusi huenda lisionekane mpaka mtu atazame viganja vyake na kumfunua mdomo.