Kabla ya kukata bati, tafuta kipimo: jinsi ya kuchunguza injini za zamani za yadini

Msomaji mmoja aliyeko Magwagwa, kaunti ya Nyamira, ameniletea swali ambalo si la kawaida kwenye safu hii. Yeye hutengeneza vigari vya mbao na bati. Ameona picha za injini za dizeli za zamani za Ireland, zile ndogo za kupanga mabehewa yadini, na anataka kutengeneza mfano wake. Akimaliza hiyo, angependa kutengeneza ya Kilindini. Anauliza aanzie wapi, ilhali Nyamira haina reli na Mombasa ni mbali.

Nimelipenda swali hili kwa sababu linatugusa sisi wa pwani kuliko linavyomgusa yeye. Reli ya nchi hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Wazee wetu wengi walikula mkate wake. Lakini ukitaka leo kujua injini iliyokuwa ikisukuma mabehewa gatini ilikuwa na urefu gani, utamuuliza nani?

Kwanza tuelewane injini yenyewe ni ipi. Injini ya kupanga mabehewa, kwa lugha ya reli shanta, haiendi safari ndefu. Kazi yake ni kutoa mabehewa gatini, kuyatenganisha, kuyaunga kwa mpangilio na kuyaacha tayari kwa injini kubwa ya kwenda bara. Kwa hivyo huwa fupi, nzito kwa kimo chake, ya mwendo wa polepole na yenye nguvu ya kukokota. Chumba cha dereva huwa na madirisha ya kuona mbele na nyuma, maana kutwa nzima anakwenda na kurudi. Ukiijua kazi ya chombo, umbo lake hukuelea.

Sasa tuje kwenye zile za Ireland. Shirika la reli la huko, CIÉ, liliunda shanta 5 za dizeli katika karakana yake ya Inchicore, Dublin, mwaka 1947 na 1948. Baadaye, 1962 na 1963, karakana hiyohiyo ikaunda nyingine 14 za magurudumu 6, zenye mtambo wa Maybach, zikapewa namba kuanzia E421 hadi E434. Leo E421 na E432 zimehifadhiwa kwenye reli ya makumbusho ya Downpatrick. Tena tangu 1946 wapenzi wa reli wa Ireland wana chama chao cha kumbukumbu, kinachokusanya nyaraka na picha na kuchapisha habari za injini moja moja. Ndiyo maana fundi aliyeko Magwagwa anaweza kuunda mfano wa injini ambayo hajapata kuigusa. Watu walikaa wakaandika.

Kwetu sifa nyingi zimeiendea injini ya mvuke. Ukienda Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyoanzishwa 1971, utaikuta Mount Gelai namba 5918, moja ya Garratt 34 za daraja la 59, uzito wake zaidi ya tani 250. Ni haki kuisifu. Lakini jabali lile halikuwa likikusanya mabehewa yake lenyewe. Palikuwa na kijinjini cha yadini kilichoamka kabla yake, na cha namna hiyo hakipigwi picha na wageni.

Haya, kazi inaanzia hapa. Kipimo cha kwanza ni upana wa njia, yaani nafasi baina ya nyuso za ndani za reli mbili. Reli yetu ya zamani ni milimita 1,000. SGR ni 1,435. Ya Ireland ni 1,600. Ukiamua mfano wako uwe sehemu moja ya 50, gawanya kwa 50: ya kwetu itakuwa milimita 20, SGR karibu 29, na ya Ireland 32. Ukichukua magurudumu ya treni ya dukani na kuyafunga chini ya injini ya Kilindini, huenda utapata injini iliyotanua miguu, na aliyefanya kazi yadini ataitambua kasoro kabla hujamaliza kumweleza.

Upana huo huo ni rula yako ukiwa na picha tupu. Tafuta picha iliyopigwa mbele ya injini, imenyooka. Tuseme kwenye picha nafasi ya reli ni milimita 25, na chumba cha dereva kina upana wa milimita 68. Gawanya 68 kwa 25, zidisha kwa 1,000, utapata 2,720. Kwenye mfano wako ni milimita 54 na nukta. Jihadhari tu: kitu kilicho nyuma kwenye picha huonekana kidogo kuliko kilicho mbele, kwa hivyo pima reli pale ilipo karibu na uso wa injini, usipime ya mbele kabisa. Ukiwa na picha tatu, pima zote tatu ulinganishe.

La pili, chagua mwaka. Shirika la Reli za Afrika Mashariki lilivunjika 1977, mali ikagawanywa kwa nchi tatu, na Kenya ikabaki na shirika lake. Rangi na maandishi yakabadilika. Namba nazo ni mtego: injini za safari ndefu za English Electric zilizoanza kazi 1960 ziliitwa daraja la 90, kisha zikaitwa 87. Ni injini zile zile. Asiyejua atadhani ni aina mbili, na atapoteza miezi akitafuta injini ambayo haikuwapo.

La tatu, tafuta kibao cha kiwanda. Ni kipande cha chuma kilichopigwa ubavuni chenye jina la muundaji, namba na mwaka. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa. Ukikipata, unaweza kufuata nyaraka za kiwanda hata kama kiwanda kimekufa. North British ya Glasgow, iliyounda injini zetu za mvuke za daraja la 29 zilizopewa majina ya makabila, ilifilisika 1962, lakini michoro yake ingali imehifadhiwa Glasgow. Hapa nyumbani, Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, ni mlango wa kubisha. Yadi na bandari ni sehemu za ulinzi, kwa hivyo omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kutoa kamera.

La nne ndilo linaloniumiza. Watu wa pwani tumezoea mifano ya vyombo. Fundi wa Lamu huchonga kijahazi bila mchoro, kwa sababu kipimo kimo kichwani mwake na jahazi lenyewe liko pwani. Injini haina bahati hiyo. Ilichorwa mbali, ikaundwa mbali, ikaletwa na meli. Siku inapokatwa na kuuzwa chuma chakavu, kinachobaki ni michoro ya ughaibuni na wazee waliokuwa wakiipanda. Michoro haisemi ngazi ipi ilipinda, kengele ililia vipi, au dereva alitundika wapi chupa yake ya chai. Hayo wanayo wazee wetu wa Makupa na Changamwe, nao wanapungua kila Ijumaa tunapowasalia.

Kwa hivyo, kwa kijana wa Magwagwa, jibu langu ni hili: anza na ya Ireland ujifunzie mkono, maana vipimo vyake vinapatikana. Kisumu kuna stesheni, kaombe ruhusa uone reli ya milimita 1,000 kwa macho yako. Na kwa sisi wa Mombasa, kama nyumbani kwenu kuna mstaafu wa reli au bandari, keti naye wiki hii. Muulize namba za injini alizozijua na mwaka. Mrekodi kwa simu. Picha za zamani zigeuze, uandike nyuma nani, wapi na lini. Mwenye kutengeneza mfano atakuja baadaye, inshallah, na atakuta cha kuanzia.