Fundi na Neno "Kesho"

Mkristo mmoja wa mtaa wetu, fundi wa kushona, alinijia akilalamika ya kuwa watu wampita na kwenda kwa fundi mwingine ambaye hamshindi kwa ustadi. Nalikwenda kumtazama kazini. Nikakuta vipande vya nguo vimetapakaa sakafuni, paka amelalia kitambaa cha mama mmoja, na vipimo vya yule mama vimeandikwa kiganjani mwa fundi! Kila aliyeuliza nguo yake akaambiwa, "Kesho."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, usianze na kibao cha rangi. Nunua daftari. Andika jina la mwenye nguo, vipimo, bei, fedha aliyotanguliza, na siku ya kuichukua. Naye umpe karatasi yenye maneno yayo hayo."

Alifagia, akanunua daftari. Kibao kikafuata baadaye, chenye herufi za kusomeka toka barabarani. Na kwa kuwa alichagua jina lisilo lake mwenyewe, alilipeleka BRELA, ambako husajiliwa majina ya biashara ya Tanzania Bara.

Walakini lile neno "kesho" lilikuwa gumu kuliacha. Juma la kwanza alisema kweli, "Siku kumi," akapoteza wateja wawili. Mkewe akanung'unika, wala simlaumu, maana kodi ya chumba ilikuwa karibu. Hata juma la tatu mmoja wao akarudi, nguo yake haijashonwa bado kule alikokwenda, akaleta na sare za wanawe.