Chembe ya Higgs: Kwa nini kipimo cha sasa hakitoshi

Na Mwandishi Wetu, Mlandizi

KATIKA kituo cha Wakala wa Vipimo cha Misugusugu, hapa Kibaha, matenki ya malori ya mafuta hupimwa ili lita zinazoandikwa ziwe ndizo zilizomo. Kosa la asilimia chache ni hasara kubwa kwa mnunuzi. Wanafizikia nao wanasumbuliwa na asilimia chache kama hizo, katika kuipima chembe ya Higgs.

Chembe hiyo ilitangazwa kugunduliwa Julai 4, 2012, katika mtambo wa LHC wa kituo cha CERN, karibu na Geneva. Haidumu hata kitambo cha kupepesa jicho; husambaratika papo hapo kuwa chembe nyingine, kwa mafungu yaliyokwisha kukadiriwa na nadharia. Takriban asilimia 58 huwa jozi ya kwaki za aina ya b, lakini zinazogeuka jozi ya fotoni hazifiki hata moja katika kila mia nne. Mafungu hayo yakipotoka kidogo tu, itakuwa ishara kwamba kuna kitu kisichojulikana, pengine ile maada ya giza iliyotafutwa kwa miaka mingi.

Taabu ni kwamba LHC hugonganisha protoni, na kila protoni ni mfano wa gunia la mahindi: magunia yakigongana, huwezi kujua ni punje ipi iliyokutana na ipi.

Ndiyo maana unapendekezwa mtambo wa FCC, utakaogonganisha elektroni na positroni, chembe zisizo na kitu ndani yake. Nishati inayoingia hujulikana kamili. Chembe ya Z inayozaliwa pamoja na Higgs ikipimwa na kutolewa katika jumla, kinachobaki ni Higgs, hata kama imetoweka bila kuacha alama. Mwenye kupima tenki ataielewa hesabu hii upesi kuliko wasomi wengi.

Njia yake ya chini ya ardhi itakuwa na mzunguko wa kilomita 91, karibu nusu ya safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Gharama iliyokadiriwa mwaka 2025 ni takriban faranga bilioni 15 za Uswisi, na wanaohoji matumizi hayo wana haki ya kujibiwa.

Ukiidhinishwa, utaanza kazi miaka ya 2040. Hakuna nchi ya Afrika iliyo mwanachama kamili wa CERN, ingawa Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza mwaka 2010, ilifika Kigali mwaka 2016. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa Mlandizi leo atakuwa bado kijana mtambo huo utakapowashwa.