Kisiwa Chetu, Visiwa Vyetu: Vimilikishi vya Wingi katika Kihispania na Kiswahili

Waarabu waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na jina hilohilo ndilo lililozaa Algeciras, mji wa bandari ulio kusini mwa Hispania. Mbali na jina hilo, Kihispania na Kiswahili vinakutana pia katika sarufi ya vimilikishi, yaani maneno yanayoonyesha kitu ni cha nani, kwa kuwa katika lugha zote mbili kimilikishi hupatana na kinachomilikiwa, si na mmiliki.

Mkulima wa Wete, kisiwani Pemba, anaposema "mkarafuu wetu" na "mikarafuu yetu", mzizi -etu, unaowataja wenye mali, haubadiliki, bali kiambishi kilicho mbele yake ndicho kinachofuata ngeli na idadi ya miti. Kihispania hugeuza mwisho wa neno badala ya mwanzo wake: "nuestro árbol" ni mti wetu na "nuestros árboles" ni miti yetu, ilhali isla, yaani kisiwa, kwa kuwa ni nomino ya jinsia ya kike, hudai "nuestra isla" katika umoja na "nuestras islas" katika wingi.

Ugumu huanza kwenye su na sus, kwani Kiswahili hutenga -ake na -ao, lakini Kihispania hakiwatengi wamiliki hao. "Su isla" yaweza kuwa kisiwa chake au chao, na hata chako au chenu pale msemeshwa anapostahiwa; "sus islas" ina wamiliki walewale, ila visiwa ni zaidi ya kimoja. Kwa hiyo hukosea anayedhani kwamba sus ni -ao, kwani watu elfu wenye kisiwa kimoja bado ni wa su. Utata ukizuka, kimilikishi huachwa na mwenye mali hutajwa waziwazi: "la isla de ella" ni kisiwa cha mwanamke, na "la isla de ellos" ni kisiwa chao.

Viungo vya mwili navyo vina desturi yake. "Kichwa kinaniuma" haihitaji "changu", kwa sababu -ni- imekwisha kumtaja mwenye kichwa, na me hufanya kazi hiyohiyo katika "me duele la cabeza". Wagonjwa wakiwa wengi, Mswahili aweza kusema "vichwa vinatuuma", lakini Kihispania husema "nos duele la cabeza", kichwa kikibaki katika umoja, kwa kuwa kila mmoja anacho kimoja tu.