Moshi wa malori mpakani: Jinsi injini ya kisasa ya dizeli inavyousafisha

Na Mwandishi Wetu, Isongole

MALORI mawili yanapopanda vilima vya Wilaya ya Ileje kutoka Mpemba kuelekea Isongole, mpakani mwa Tanzania na Malawi, moja laweza kuacha wingu jeusi na jingine lisionyeshe moshi wowote, ingawa yote yanatumia dizeli.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto kama ya petroli. Hewa hukandamizwa ndani ya silinda hadi ikawa ya moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa na kuwaka yenyewe. Mafuta yasipopata hewa ya kutosha hayaungui yote, na hapo ndipo yanapotokea masizi meusi.

Katika injini za kisasa, pampu husukuma mafuta kwa mgandamizo unaoweza kuzidi bar 2,000, na nozeli zinazoongozwa na kompyuta huyapuliza yakiwa kama ukungu. Tabochaja nayo huongeza hewa, hivyo masizi hupungua.

Hata hivyo, moto mkali unaopunguza masizi huzalisha kwa wingi oksidi za naitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu. Sehemu ya moshi ikirudishwa ndani ya silinda ili kupoza moto, gesi hizo hupungua, lakini masizi huongezeka tena.

Ndiyo maana kazi iliyobaki hufanyika kwenye bomba la moshi. Kwanza lipo chujio linalonasa masizi na kuyachoma. Pili, maji yenye asilimia 32.5 ya urea hunyunyiziwa moshi, na kwa msaada wa kichocheo, gesi zile hugeuka kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Tatizo ni kwamba chujio huhitaji joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi ili kuyachoma masizi vizuri. Lori linalonguruma kwa saa nyingi kwenye foleni ya Tunduma halifikii joto hilo, hivyo chujio huziba na taa ya tahadhari huwaka.

Wapo wanaoona njia ya mkato ni kulitoa chujio hilo na kuidanganya kompyuta. Lori hurudia nguvu zake, lakini sumu yote humwendea mama lishe, mchuuzi na utingo walio kando ya barabara.

Udanganyifu huo si wa mafundi wa mitaani pekee. Mwaka 2015, kampuni ya Volkswagen ilibainika kuweka programu ya kukwepa vipimo vya moshi katika magari yapatayo milioni 11 duniani.

Mafuta nayo yana nafasi yake, kwani salfa huharibu vichocheo. Tangu mwaka 2015, nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zilianza kutumia kiwango kisichozidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Ulaya huruhusu sehemu 10 tu.

Kwa mwenye lori, taa hiyo ikiwaka, tiba ya kwanza ni safari ndefu ya mwendo wa kutosha ili chujio lijisafishe. Ikishindikana, lisafishwe na fundi. Na gari likiwa kwenye foleni, ni heri kuzima injini.