Kanzidata na Nakala Zake: Funzo la Daftari la Kahawa

Mkulima wa kata ya Kamuli, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, apelekapo kahawa yake ya maganda katika chama cha msingi, hupimiwa mzigo na kupewa stakabadhi. Nakala ya stakabadhi hubaki ofisini. Daftari la ofisi likiungua au likiliwa na mchwa, wakulima waweza kuitwa na karatasi zao, na hesabu ikaandikwa upya. Utaratibu huo wa zamani una hekima ambayo aghalabu tunaisahau mara tu daftari linapohamia katika kompyuta.

Tuseme basi chama cha namna hiyo kina kanzidata ya kihusiano, yaani ile ambayo misingi yake ilielezwa na E. F. Codd mwaka 1970. Kanzidata hiyo ni majedwali yanayotegemeana: la wanachama, la mizigo iliyopimwa, na la malipo. Jedwali la malipo halitaji jina la mkulima. Hutaja namba yake tu, na jina hutafutwa katika jedwali la wanachama. Hapo ndipo penye hatari. Karani akinakili jedwali la wanachama saa nne na la malipo saa sita, huku wenzake wakiendelea kuandika, atapata nakala yenye malipo ya watu wasiokuwamo. Hapana budi atumie amri ya kunakili iliyomo katika programu yenyewe, ambayo huyatwaa majedwali yote kama yalivyokuwa katika nukta moja ya wakati.

Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi ulipata umeme kutoka Uganda kupitia Masaka, na kukatika kwa umeme si habari ngeni huko. Programu njema hujikinga kwa kuandika kila badiliko kwanza katika daftari la miamala. Umeme urudipo, hulisoma daftari hilo, hukamilisha muamala uliothibitishwa na kuufuta ulioachwa nusu. Daftari hilo likitunzwa pamoja na nakala ya usiku, hesabu zaweza kurejeshwa hadi dakika chache kabla ya ajali. Anayenakili usiku tu amekubali kupoteza vipimo vya siku nzima. Wakati wa mavuno, hiyo ni hasara kubwa.

Nakala nayo isikae chini ya paa moja na kompyuta. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi mkoani Kagera; nakala iliyo katika saraka ya meza ileile ingefukiwa pamoja na mashine. (Mimi mwenyewe, nikiwa masomoni ng'ambo, niliibiwa mkoba uliokuwa na tasnifu yangu na nakala yake pia. Sikumweleza msimamizi wangu mpaka wiki ya pili.)

Lakini msomaji asidhani kwamba wingi wa nakala watosha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa kanzidata iliyokuwa ikitumika. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kunakili, na zilipohitajiwa zikashindwa moja baada ya nyingine. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani kuliko kanzidata. Ilikuwa haifanyi kazi, na barua za kuonya hazikuwa zikifika. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa kazi nyingine saa sita hivi kabla ya ajali.

Kwa hiyo yafaa chama kitenge siku moja, kabla ya msimu, ya kuirejesha nakala katika kompyuta nyingine iliyo tupu. Wahesabu wanachama, wajumlishe kilo, kisha wachague wakulima kumi bila mpango na kulinganisha takwimu zao na stakabadhi walizo nazo nyumbani. Saa zilizotumika ziandikwe. Na kazi hiyo aifanye karani mwingine, akiongozwa na maelezo yaliyoandikwa tu, kwa kuwa siku ya ajali yule anayejua huenda yuko Bukoba.